Anafagia Hewa

Ufagio ulikuwa mkononi mwake kweli. Fundi cherehani alibana uso kwenye wavu wa uzio, akafikicha macho, akatazama tena. Mfagiaji akabaki kuwa yuleyule: binti yake mkubwa.

Wala haukuwa ufagio wa dukani. Ulikuwa wa chelewa, umefungwa kwenye mti mrefu, kama ule wa uani kwake.

"Si nilikwambia, shemeji?" Sauti ya nyuma yake ilikuwa ya mtu aliyeshiba. "Dereva wa lori la maji alimwona kwa macho yake. Mkabisha."

Huyo alikuwa mdogo wa marehemu mumewe. Watu walimwita Karani, ingawa ukarani alishastaafu zamani; alichobaki nacho ni kalamu mfukoni na neno la mwisho katika ukoo. Na neno lenyewe alilitoa asubuhi ile: wakimkuta mkubwa anafagia, basi mdogo wake, aliyepata nafasi ya kwenda kusoma kulekule ng'ambo alikosoma dada yake, haendi. Atatafutiwa mume, yaishe.

Ndiyo maana fundi alikuwa amesimama hapa, kwenye geti la kiwanda kipya alikoajiriwa binti aliporudi, mbele ya vioo vya sola vilivyotandazwa hadi mwisho wa macho kama nguo zilizoanikwa.

Binti alikwenda kusomea haidrojeni ya kijani. Siku ya kwanza kulisikia jina hilo, Karani aliuliza kama inaliwa. Binti akaeleza kwa upole: unachukua umeme wa jua, unapasua maji, unapata gesi ya kuendeshea viwanda bila moshi.

"Na huo ukijani uko wapi?"

"Ni jina tu, baba mdogo. Gesi yenyewe haina rangi wala harufu. Hata ikiwaka juani, moto wake huuoni."

Karani alicheka mpaka akapaliwa. Mtu anapanda ndege, anakula baridi ya watu miaka na miaka, kusomea kitu kisichoonekana.

Sasa alikuwa amemkazia macho mlinzi, aliyekwisha kumnyang'anya kiberiti na simu akavifungia sandukuni.

"Tufungulie basi, kijana. Tumekuja kuongea na mkubwa wa hapa."

"Subirini yule apite kwanza."

"Yule nani?"

"Mwenye ufagio."

"Tumsubiri mfagiaji?"

"Mzee, leo hapa wote tunamsubiri yeye."

Karani akamgeukia shemeji yake, meno yote nje.

Ndani ya uzio wanaume wenye helmeti walikuwa wamesimama kundi moja, mbali na mabomba, mikono kifuani. Wawili walikuwa wamekumbatia mpira wa maji, na maji hawamwagi.

"Waone hao," alisema Karani. "Majitu mazima yamejibanza kivulini, mwanao ndiye punda wao."

Na kusema kweli hata ule ufagiaji ulikuwa wa ajabu. Chini hakugusa kabisa. Aliunyoosha ufagio mbele yake, usawa wa kifua, akipita kando ya mabomba: hatua moja, anasimama, hatua moja, anasimama. Ungedhani anamfukuza kuku ambaye hayupo.

"Kumbe hata kufagia kwenyewe hajui," Karani akasema. "Anafagia hewa. Twende zetu, shemeji. Huyo mdogo nitamweleza mwenyewe."

Fundi hakuondoka. Alimkumbuka binti huyu akiwa mdogo, amejikunja chini ya meza ya kukatia vitambaa, anafanya hesabu, na sebuleni ukoo mzima umekaa kitako unampangia posa. Aibu ilimpanda taratibu, ikafika shingoni, ikafika masikioni. Ilipofika huko ikakosa pa kwenda, ikageuka kitu kingine.

"Sikiliza, shemeji," alisema, uso ukiwa bado wavuni. "Unauona ule mgongo?"

"Mgongo umefanya nini?"

"Umenyooka. Mimi nimepima migongo ya watu maisha yangu yote. Mgongo wa mtu aliyeshindwa naujua, hata ukiuvalisha koti. Ule sio."

"Mgongo haujazi sufuria."

"Na mdogo wake ataenda."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Yangu. Akirudi akashika ufagio, nitamshonea ovaroli. Akirudi akashika jembe, nitamshonea suruali ngumu. Na wewe hiyo kalamu yako haina wino tangu kaka yako yuko hai, kwa hiyo nenda kaandikie unachotaka."

Mlinzi akaingiwa na kikohozi cha ghafla, akageukia ukutani.

Karani alivimba. Akaushika wavu kwa mikono miwili, akapaza sauti. "We binti. Tupa hilo fagio uje uongee na wakubwa zako."

Binti hakugeuka. Aliinua tu mkono mmoja, kiganja kikawaelekea walioko nyuma, na wale wanaume wote wakarudi hatua moja.

Kisha akasogea mbele kidogo. Mbele yake hapakuwa na kitu. Ni bomba, jua na ukuta mweupe.

Ncha za ufagio zikashika moto.

"Ni hapa," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka getini. "Fungeni koki ya tatu."

"Sawa, mkuu," wakaitika wanaume wote kwa pamoja.