Laptopu ya Bi Riziki

Siku ile mjinga alikuwa Machano, wala mwenyewe hakatai. Desturi ya karakana yao, anayefungua kompyuta ndiye huchagua mfumo wa kuweka. Laptopu ya Bi Riziki, anayochapia watu barua apate kulisha wajukuu, waliifungua wawili, Machano na fundi mwenzake Kibwana, mama mwenyewe akingoja kwenye benchi.

"Windows," akasema Kibwana.

"Umrudishie virusi? Linux, bwana."

Kibwana akamtandika ngumi ya mdomo. Machano akatema jino, akainyanyua laptopu na kumvunjia mwenzake kichwani. Damu ikachuruzika mpaka kwenye vitufe vilivyotapakaa sakafuni.

Akamgeukia Bi Riziki, akihema. "Haya mama, chagua wewe. Tuweke upi?"

"Wowote, mwanangu. Ila uweke humo kichwani mwa mwenzako, maana kompyuta yangu umeiingiza humo."