Bomba la Ukutani

Arobaini ya Mashavu ilipopita, fundi Ngwali alirudi kumalizia chumba cha mazoezi. Saburi alikuwa amekibuni mwenyewe, ili Mashavu, mkewe aliyepooza upande mmoja, apate nguvu taratibu na atembee tena. Vitu vya kunyanyua alivitengeneza kwa makopo ya maziwa aliyoyajaza zege, madogo, ya kuuenea mkono wake. Lililobaki ni bomba la kushikilia, la kufungwa ukutani kutoka mlangoni hadi dirishani.

"Kaka, tulipima kiuno cha marehemu," Ngwali alisema kwa sauti ya chini. "Wewe ni mrefu. Nilipandishe?"

"Lifunge pale pale kwenye alama yake."

Ngwali akatoboa ukuta, akalifunga, akalitikisa. Halikucheza. Saburi akasogea, lakini hakulishika. Alitembea sambamba nalo kwa hatua fupi fupi, mkono umekunjwa kama anayemshika mtu kwapani, akiacha kati yake na ukuta nafasi ya mtu mmoja.

Katikati ya chumba akasimama.

"Pumzika kidogo," alisema. "Dirisha si mbali."

Ngwali akavuta sanduku lake la vifaa pembeni, akawapisha.