Jina la Tunu

Zamani, wanyama walipokuwa bado wakisemezana, Chui aliwateka ngiri wamchimbie mapango, na wote akawaita Jembe. Mmoja wao, Tunu, alitenganishwa na mama yake akiwa mdogo. Kila alipochimba alijitamkia jina lake polepole asije akalisahau, huku akitamani kulisikia kwa mwingine.

Siku moja pango likamporomokea Chui, akafukiwa hadi shingoni.

"Jembe, nifukue," akaamuru.

"Jembe halisikii, bwana," Tunu akamjibu.

Chui akauliza, "Kwani unaitwa nani?"

Swali hilo Tunu alikuwa amelingoja miaka mingi. Akamwambia.

"Tunu, nisaidie tafadhali."

Tunu alidhani angefurahi. Kumbe jina lilipotoka kinywani mwa Chui lilimkumbusha tu sauti ya mama yake aliyoikosa. Akamfukua mpaka kifua kikapata kupumua, kisha akaondoka na wenzake.

Chui akamwita tena kwa jina, safari hii kwa upole. Tunu hakugeuka. Alishika njia ya bondeni, na kila alipokutana na ngiri jike mzee alimuuliza, "Mama, hukuwahi kupotelewa na mtoto?"