Chumba cha Pagume

Bibi aliyekuja kumtazama mjukuu wake akitahiniwa alibonyeza namba ya mwezi aliozaliwa, kumi na tatu. Programu ikakwama, na skrini ikajaa maandishi mekundu.

Tsigereda, mjukuu aliyeiandika programu hiyo, alilijua kosa lake papo hapo. Safu ya miezi aliinakili kutoka kitabu cha kigeni: vyumba kumi na viwili, kimoja kwa kila mwezi, basi. Naye Mhabeshi wa Addis, anayejua fika kwamba mwaka wa kwao hufungwa na Pagume, mwezi wa kumi na tatu.

"Pagume yenyewe siku tano tu," mwanafunzi mmoja akatania. "Bibi, si useme ulizaliwa Meskerem, mwezi wa kwanza, yaishe?"

"Mwezi wangu ni mfupi, mwanangu," Bibi akamjibu, "lakini mimi nilizaliwa mzima."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka, kalamu yake ilikuwa tayari juu ya karatasi ya alama. "Tsigereda, niandike imeshindikana?"

"Bado, mwalimu."

Akaongeza chumba kimoja mwishoni mwa safu, akakiandika Pagume.

Kidole cha Bibi, chenye kovu la birika la kahawa, kilikuwa hakijaondoka kwenye kibodi.

"Chumba chako kipo, Bibi. Bonyeza tena."