Kinyume cha Bwana Kofia

Bwana Kofia alipobonyeza nyekundu, fundi cherehani alibonyeza nyeusi. Elfu kumi kwa elfu kumi. Gurudumu likazunguka ndani ya kuba lake la kioo katikati ya ukumbi, kijipira kikarukaruka, kikatulia kwenye nyeusi. Fundi hakutabasamu. Alivuta ushungi mbele kidogo, akaweka sawa miwani ya jua aliyokuwa ameivaa humo ndani, akasubiri raundi nyingine.

Ilikuwa saa nane mchana, ingawa kasino ile haikuwa na dirisha hata moja la kumwambia mtu hivyo. Kila mchezaji alikaa kwenye mashine yake, na wote walichezea gurudumu lile moja. Yeye alikuwa amechagua kiti cha safu ya nyuma, ambako aliweza kuona juu ya bega la yule bwana kila alichokibonyeza.

"Mama, unacheza au unapeleleza?" aliuliza jirani yake, mwalimu mstaafu ambaye aliweka pesa pale tu mfagiaji alipopita nyuma ya kiti chake. Mle ndani kila mtu alikuwa na mbinu yake.

"Nacheza, mwalimu."

"Mbona mwenye kofia akienda huku, wewe unakwenda kule?"

"Kwa sababu hajawahi kutoka humu na kitu."

Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. "Wenzako wanamfuata mwenye bahati. Wewe umekwenda kuchagua mwenye nuksi."

"Nuksi yake inatosha watu wawili," alisema fundi.

Hakuwa anatania. Jumamosi tatu mfululizo alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile, akicheza vijisenti tu ili asifukuzwe, na kila raundi ya Bwana Kofia ameiandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, katikati ya kiuno cha huyu na mabega ya yule. Akishindwa, anaongeza dau. Akishinda, anaongeza dau. Mtu wa namna hiyo humzuii. Ukimvuta shati hapa, kesho atakwenda kuchezea mahali usipopajua. Kilichobaki ni kukaa upande wa pili na kuokota anachodondosha.

Mtoto wake alikuwa anapasuliwa mguu kesho, saa mbili asubuhi. Laki sita, na hospitali ilikuwa imesema wazi kwamba zilipwe kwanza. Fedha hizo zilikuwa humu ukumbini, na leo fundi alikuwa na kazi moja tu, kutoka nazo. Jana alikuwa ameuza cherehani iliyomlisha tangu usichana wake, akapokea laki mbili bila hata kubishania bei, na hizo ndizo alizoziingiza kwenye mashine. Bwana Kofia akishindwa kama ilivyo desturi yake, jioni mkoba ungekuwa mzito.

Saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Laki mbili zikawa laki mbili na elfu sabini. Kitu kimoja tu kilimtoa jasho.

"Naiogopa sufuri," alimwambia mwalimu. "Ikitoka sufuri, inatula wote wawili."

"Wewe ogopa zako. Za mwenzako zinakuhusu nini?"

Fundi alirudisha macho juu ya bega la yule bwana.

Sufuri haikutoka. Kilichotokea ni kwamba Bwana Kofia alianza kushinda. Alishinda mara moja, akapiga kiganja juu ya goti. Akashinda ya pili. Akaongeza dau, na fundi naye akaongeza. Nyeusi, nyeusi, nyekundu, nyeusi, na kila ilipotoka yule bwana alikuwa ameshafika pale kabla yake. Zile elfu sabini zikayeyuka, kisha laki ya kwanza ya cherehani ikafuata.

Angeweza kuacha. Lakini aache sasa, halafu raundi inayofuata ndiyo jamaa aanze kuanguka? Vidole vyake vilibonyeza vyenyewe. Hakukuwa na hata mtu mmoja duniani ambaye angeweza kumwita amsaidie.

Elfu hamsini za mwisho aliziweka kwenye nyekundu. Ikatoka nyeusi.

Mashine yake ikaandika kwamba aongeze fedha. Kwenye kioo cha Bwana Kofia zilisomeka laki nane kamili.

"Inuka," fundi alinong'ona. "Zimetosha. Inuka uende zako."

Mwalimu alimgeukia. "Amekukausha, na bado unamwombea heri?"

"Inuka, baba, nakuomba."

Na kweli, Bwana Kofia alitoa mkono kwenye mashine. Alijinyoosha kiti kikalia, akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu, akaanza kuandika kwa kidole gumba huku akitabasamu peke yake.

"Huyo anaita gari," alisema mwalimu. "Leo ametumia akili, anaondoka."

Fundi alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili, kama anayezuia kitu kisimwagike.

Mkoba uliokuwa mapajani ukatetemeka. Alitoa simu yake, akaipandisha miwani kwenye paji la uso ili aweze kusoma.

"Mama watoto, kikao kimerefuka kidogo. Pesa ya mguu wa mtoto ninayo hapa, usiwe na presha. Kesho asubuhi tunampeleka."

Alipoinua macho, laki nane zote zilikuwa zimeshawekwa kwenye nyekundu, na gurudumu lilikuwa linazunguka.