Hesabu za Elinami

"Kichwa changu si sufuria mama, hakiazimwi!"

"Punguza sauti, majirani hawajatuzoea," mama alifoka, sauti yake ikiizidi ya mwanawe.

Walihamia mtaa huo wiki iliyopita, na sekondari zilikuwa mbili. Ya bondeni inapokea yeyote. Ya kilimani inataka mtoto aje na hesabu tayari kichwani, zimehamishwa kwa kofia ya waya kutoka kwa ndugu yake wa damu. Na ukishampa, wewe ndo huna tena.

"Ndeshi aende bondeni, akasome kama nilivyosoma mimi!" Elinami alisema. "Nimekesha miaka minne!"

"Umemaliza, ukapata nini? Unashinda kwenye kochi na simu. Zinaozea humo, mdogo wako anazihitaji."

"Huyo? We Ndeshi! Saba mara nane ngapi?"

"Hamsini na sita, kaka," Ndeshi alijibu toka jikoni, bila kusita.

Elinami akacheka, akafungua mdomo amwambie amekosea. Akajaribu kuzidisha mwenyewe kimoyomoyo. Hakupata kitu. Akajaribu mbili mara tatu. Hakupata kitu.

Akamtazama mama.

"Jumamosi ulilala mchana kutwa," mama alisema, macho chini. "Mzazi anaruhusiwa kusaini. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia, mwanangu."

"Na kidato cha pili wanataka nini?"



"Fizikia, kaka," Ndeshi alisema toka jikoni.

Elinami akavaa ndala, akatoka, akaubamiza mlango.