Maji Yaliyosawazishwa

Maji yalikuwa yamegeuka dawa ya kupaushia nywele, na watu thelathini na wawili walikuwa wanayanakili kwenye madaftari.

Msusi peke yake aliweka kalamu chini. Jina hilo alipewa na darasa, kwa kuwa Jumamosi na Jumapili alisuka nywele saluni, na siku nyingine alivaa sare ya kituo cha masomo kama wenzake waliojiandaa na mtihani. Dawa ile aliijua kwa harufu. Iliwahi kumwachia vidole vyeupe kama chaki.

Ubaoni alisimama mwalimu wa kemia, aliyeitwa Profesa kwa ajili ya tai yake na vindevu vitatu alivyovitunza kama miche ya kitalu. Alikuwa ameandika:

H₂ + O₂ → H₂O

Kushoto oksijeni mbili. Kulia moja.

"Tungamo haiumbwi wala haipotei!" alighani, na darasa likaghani nyuma yake. "Sasa oksijeni ya pili imekwenda wapi? Tusawazishe." Akachomeka namba mbili ndogo chini ya ile O ya mwisho, akakung'uta chaki mikononi kama mtu aliyemaliza kujenga daraja.

"Mwalimu," alisema Msusi, "hesabu imekaa sawa, ila hayo siyo maji tena. Hiyo sisi tunapaka kichwani. Ukiinywa, unawahishwa hospitali."

Watu wakaanza kucheka chinichini.

"Kemia siyo saluni," alisema Profesa. "Huku hatusuki."

"Ndiyo maana nasema. Kule nikikosea kuchanganya, mteja mmoja anaondoka na kipara. Huku ukikosea wewe, tunaondoka nacho darasa zima."

Akaenda ubaoni bila kuitwa. Akaifuta ile namba ndogo kwa kidole gumba, akaandika mbili kubwa mbele ya maji na nyingine mbele ya hidrojeni.

"Unaongeza sahani, hubadilishi chakula. Gramu nne za hidrojeni, thelathini na mbili za oksijeni, unapata maji gramu thelathini na sita. Hakuna hata moja iliyotoroka."

Darasa likafuta na kunakili upya. Shingo ya Profesa ikavimba mpaka tai ikakosa nafasi, na mdomo wake ukatoa maneno ambayo ulikuwa umeyazoea mara tatu kwa wiki:

"Nje! Na usirudi bila mzazi!"

Darasa likalipuka kwa kicheko. Msusi alitoka ameziba mdomo kwa daftari, mabega yakimtetemeka.

Lakini kibarazani alipotulia, aliona kwamba mambo hayakuwa ya kucheka. Fomu za mtihani zilikuwa zinafungwa siku hiyohiyo saa kumi, na yake ilikosa saini moja tu, ya mwalimu wa kemia. Mtihani huo alishawahi kuukosa, zikiwa zimebaki wiki tatu, pale shule yake ya zamani ilipomtoa nje na begi lake na kufunga geti. Tangu hapo aliuota hata akiwa na kitana mkononi. Na hapa kituoni alijichunga asiharibu. Kila asubuhi alimwamkia Profesa shikamoo, naye Profesa akaitikia marahaba bila kupepesa macho.

Saa tisa na nusu waliitwa ofisini. Mkuu wa kituo alikuwa anagonga mihuri na hakuinua kichwa. Wanafunzi aliwajua kwa namba zao na viatu vyao. Profesa alipewa kiti. Kitabu cha kemia kilikuwa mapajani mwake, kidole kimebana ukurasa. Msusi aliusoma ukurasa ule akiwa amesimama: namba zilikuwa mbele.

"Mwalimu, amefanya nini huyu?" aliuliza Mkuu.

"Alinisahihisha."

"Ulikuwa umekosea?"

Profesa akakohoa. "Hilo ni suala la kitaaluma, Mkuu. Hapa tunazungumzia heshima. Aniombe radhi mbele ya darasa, nitasaini."

"Barabara," alisema Mkuu, na muhuri ukatua. "Kosa la mwalimu husahihishwa na mwalimu mwenzake, kwa maandishi, wakati wa likizo. Namba mia na nne, umesikia? Utaomba radhi?"

Msusi alitazama saa ya ukutani. Dakika ishirini. Alitazama fomu juu ya meza, ile nafasi moja tupu. Alimtazama Profesa, ambaye ghafla aliona kuna jambo la muhimu kwenye kamba za viatu vyake.

"Umekuwa bubu sasa?" alisema Mkuu. "Mzazi uliyeambiwa umlete, amekuja?"

"Amekuja."

"Aingie basi, tumalize. Huenda yeye akatusaidia kutia adabu."

"Ameshaingia, Mkuu."

Mkuu akainua kichwa kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akatazama mlangoni, akatazama kwenye kona yenye kabati. "Mbona simwoni?"

"Wangu mimi walishafariki wote wawili," alisema Msusi. "Aliyepo ni wa Mwalimu."

Kitabu kikamponyoka Profesa mapajani. "Mama," alinong'ona, "si tulikubaliana..."

"Kilo tatu na nusu zilinitoka mwilini, na haikupotea hata moja, zote naziona pale kitini, zimefunga tai." Msusi akamsukumia fomu. "Saini hapo. Radhi mimi huombwa, mwanangu. Siombi."